Dawa Inayotoka Polepole: Kidonge Ambacho Hakivunjwi

Maneno ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Ekero, eneo la Mumias, Kaunti ya Kakamega

  

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo dogo linalofanyika jikoni katika nyumba nyingi. Mzee ana presha. Amepewa kidonge na hawezi kukimeza vizuri. Binti yake anakiponda kwa kijiko, anakikoroga kwenye uji, anampa. Kwingine, mama ana ugonjwa wa sukari na dawa inakaribia kuisha kabla ya siku ya kliniki. Anakata kila kidonge vipande viwili ili zifike mwisho wa mwezi. Hakuna nia mbaya hapo. Mmoja anamhurumia mzazi wake, mwingine anabana matumizi. Lakini kwa aina moja ya vidonge, kijiko hicho na kisu hicho vinaweza kumpeleka mgonjwa hospitalini.

Aina hiyo ni vidonge vya kutoa dawa polepole. Kwa macho vinafanana na vidonge vingine. Tofauti yao iko ndani, na ukiielewa utaona mwenyewe kwa nini havivunjwi.

Kwanza, kidonge cha kawaida

Kidonge cha kawaida kikifika tumboni hulainika na kusambaratika kwa muda mfupi. Dawa yote iliyomo huachiliwa karibu kwa pamoja. Huingia kwenye damu, hupanda hadi kilele, kisha ini na figo huanza kuiondoa hadi ibaki kidogo sana. Ndiyo maana dawa nyingi huandikwa mara mbili au mara tatu kwa siku: ikishuka, unaongeza nyingine.

Kwa ugonjwa wa siku tatu, kupanda na kushuka huko si tatizo kubwa. Kwa presha na sukari, magonjwa ambayo mtu huishi nayo miaka mingi, ni tatizo. Dawa ikiwa juu sana, mtu anapata kizunguzungu, kichefuchefu au kuhara. Ikiwa chini sana, ugonjwa unarudi kazini kimyakimya.

Mkulima wa miwa anajua tofauti hii bila kufundishwa. Mvua kubwa ya saa moja hubeba udongo na kuupeleka mtoni. Maji yale yale yakinyesha kama manyunyu ya siku nzima, hupenya ardhini na kulisha mmea. Kidonge cha kutoa dawa polepole kimetengenezwa ili kitoe manyunyu.

Murere na kidonge

Sasa, kitu kigumu kama kidonge kinawezaje kunyesha polepole kwa saa 12 au 24?

Jibu la kwanza liko kwenye sufuria. Kila mtu hapa amekula mrenda, au murere kama unavyoitwa nyumbani. Majani yale yakichemshwa, maji hayabaki kuwa maji. Yanakuwa mazito na yenye kuteleza, kwa sababu ndani ya majani kuna nyuzi ndefu, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, zinazopenda maji na kuyashika. Bamia nazo ni vivyo hivyo. Kitu kama hicho, chenye nyuzi zilizoshikana na kufungia maji mengi katikati yake, wanasayansi hukiita haidrojeli, yaani jeli ya maji. Ile nepi ya mtoto ya kununua dukani, inayovimba bila kuvuja, nayo ina haidrojeli ndani yake.

Katika vidonge vingi vya kutoa dawa polepole, dawa huchanganywa na unga mkavu wa nyuzi za namna hiyo. Unaotumika sana huitwa hipromelosi. Hutengenezwa kutokana na selulosi, ile ile inayoupa mti na pamba ugumu wake, na ambayo imejaa pia katika makapi ya miwa. Unga huo hukandamizwa pamoja na dawa kwa mashine hadi uwe kidonge kigumu.

Mgonjwa anapokimeza kikiwa kizima, maji ya tumboni hugusa upande wa nje kwanza. Nyuzi za nje hulowa, huvimba na kugeuka kuwa jeli. Jeli hiyo inakuwa kama ukuta wa mrenda mzito unaozunguka kidonge. Maji hayawezi tena kuingia haraka hadi katikati, na dawa haiwezi kutoka haraka. Lazima ipenye ukutani kidogo kidogo. Wakati huo huo, jeli ya nje kabisa inalika na kuondoka, na sehemu kavu ya ndani inalowa kwa zamu yake. Kazi hiyo inaendelea kwa saa nyingi kidonge kikisafiri kutoka tumboni kuingia utumbo.

Kwa hiyo muda wa dawa umejengwa ndani ya umbo la kidonge. Uzima wake ndio saa yake.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1960, huko Prague, wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím waliandika kuhusu jeli zinazoshika maji na zinazofaa kukaa ndani ya mwili wa binadamu. Mwishoni mwa mwaka 1961, Wichterle alitengeneza lenzi laini za macho nyumbani kwake akitumia mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kuunganisha vyuma. Kutoka kwenye jeli za macho, watafiti walisonga mbele hadi jeli za kufunikia vidonda na jeli za kubeba dawa.

Mtungi na pakiti ndogo

Jibu la pili liko kwenye mtungi wa udongo. Mtungi ukijazwa maji hutoa jasho upande wa nje. Haujapasuka. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno vilivyounganishwa kama njia za mchwa, na maji hupita humo taratibu. Dawa nayo inaweza kuwekwa ndani ya kitu chenye vitundu ili itoke kwa mwendo huo huo wa jasho la mtungi. Vitundu vikiwa vyembamba na njia ikiwa ndefu yenye kona nyingi, dawa huchelewa zaidi.

Kuna kitu chenye vitundu ambacho tayari kiko nyumbani kwa wengi. Fungua chupa ya vidonge vya hospitali na mara nyingi utakuta pakiti ndogo, au kijikopo kidogo, chenye punje ngumu. Watu wengi huitupa. Punje hizo huwa ni silika, jamii ya mchanga, iliyotengenezwa ikiwa na vitundu vingi kiasi kwamba gramu moja tu ikikunjuliwa ingekuwa na eneo la zaidi ya mita 500 za mraba. Gramu nane zinakaribia ekari nzima. Eneo lote hilo hukamata unyevu wa hewa usifike kwenye vidonge. Mwaka 2001 watafiti wa Uhispania walionyesha kwamba silika yenye vitundu vilivyopangwa inaweza pia kupakiwa dawa na kuiachilia taratibu, na utafiti wa njia hiyo umeendelea tangu wakati huo.

Pakiti hiyo basi ina kazi. Iache ndani ya chupa hadi vidonge viishe, na usiruhusu mtoto aichezee au kuila. Kidonge cha jeli kikipata unyevu kabla ya wakati wake, huanza kulainika kikiwa bado kabatini. Kwa sababu hiyo pia, usihamishie vidonge kwenye karatasi ya gazeti au mfuko wa plastiki, wala usivihifadhi karibu na jiko au juu kabisa chini ya mabati.

Kinachotokea kikipondwa

Turudi kwenye kijiko. Kidonge cha kutoa dawa polepole hubeba dawa ya nusu siku au ya siku nzima. Kikipondwa, hakuna tena ukuta wa jeli. Kila chembe inapata maji yake, na kipimo kilichokusudiwa kwa saa 12 au 24 kinaachiliwa kwa muda mfupi.

Mfano ulio wazi ni nifedipine, dawa ya presha inayojulikana sana nchini. Ikitoka polepole, hushusha presha kwa utaratibu. Ikitoka yote kwa ghafla, mishipa hufunguka haraka, presha huanguka, na moyo hudunda mbio kujaribu kuokoa hali. Ubongo na moyo wa mzee aliyezoea presha ya juu vinaweza kukosa damu ya kutosha. Miaka ya 1990 madaktari duniani walionywa waache desturi ya kuwapa wagonjwa nifedipine ya kufanya kazi haraka ili kushusha presha kwa dharura, kwa sababu baadhi yao walipata kiharusi au mshtuko wa moyo. Anayeponda kidonge cha polepole jikoni anarudisha hatari ile ile bila kujua.

Halafu kuna upande wa pili. Dawa iliyotoka yote asubuhi haipo usiku. Mgonjwa anapata madhara ya dawa kuzidi saa za kwanza, kisha saa za mwisho anakaa bila kinga. Akipimwa kliniki presha inaonekana iko juu, anaongezewa dawa, na mzunguko unaendelea.

Kutafuna ni sawa na kuponda. Kukata nako mara nyingi ni vivyo hivyo, kwa sababu upande uliokatwa unaachwa wazi. Ni kweli kwamba vipo vidonge vichache vya polepole vilivyochorwa mstari na kuruhusiwa kugawanywa mara mbili. Lakini wa kusema ni kipi ni mfamasia au daktari aliyekuandikia, wala si jirani.

Pombe nayo inaingia hapa. Baadhi ya vifuniko na kuta za vidonge hazishindwi na maji, lakini huyeyushwa na pombe. Mwaka 2005 dawa moja ya maumivu makali ya kutoa polepole iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana kwamba ikinywewa pamoja na pombe, dawa yote ilitoka kwa mkupuo, kiasi cha kuhatarisha maisha. Busaa na chang'aa havijui tofauti ya dawa ya Marekani na ya Mumias. Mtu anayetumia dawa za polepole, hasa za maumivu au za kutuliza, aulize waziwazi kuhusu pombe na apewe jibu bila kuaibishwa.

Ganda linaloonekana chooni

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa huliona na kuona haya kuliuliza. Mtu anayetumia metfomini ya polepole anaweza kuona chooni kitu laini kinachofanana na kidonge chake. Anahitimisha kwamba dawa haikufanya kazi, au kwamba ameuziwa dawa bandia, na anaacha kuitumia.

Mara nyingi hilo ni ganda tupu. Dawa imeshatoka na kuingia mwilini, na kilichobaki ni nyuzi za jeli ambazo utumbo hauwezi kuzisaga, kama vile makapi yanavyobaki baada ya utamu wa muwa kwisha. Usiache dawa kwa sababu hiyo. Mwambie mhudumu ulichokiona, kisha upimwe sukari. Kipimo cha sukari ndicho kitakachosema kama dawa inafanya kazi.

Kijiti cha mkononi

Wanawake wengi wanaishi na dawa ya kutoa polepole inayodumu kwa miaka: kipandikizi cha kupanga uzazi, ambacho wengi hukiita kijiti. Hakina jeli ya maji, lakini kanuni ni ile ile. Homoni imefungiwa ndani ya plastiki laini, na hupenya ukutani kidogo kidogo kila siku. Aina ya Jadelle ina vijiti viwili, kila kimoja kikiwa na miligramu 75 za homoni, na hutumika miaka 5. Aina ya Implanon ina kijiti kimoja chenye miligramu 68, na iliidhinishwa kwa miaka 3. Kizazi cha kwanza cha teknolojia hii, Norplant, kilikuwa na vijiti sita, na nchi ya kwanza kukiidhinisha ilikuwa Finland, mwaka 1983.

Kijiti kinafundisha somo moja muhimu. Kasi ya dawa kutoka haibadiliki kwa urahisi, lakini kasi ya mwili kuiondoa inaweza kubadilika. Fikiria tanki ambalo bomba la kuingiza maji limefungwa kwa kiwango kimoja. Tundu la kutolea maji likipanuliwa, tanki halitajaa hata kama bomba ni zima. Dawa kama efavirenz ya VVU, rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa hulichochea ini liondoe homoni haraka zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wanawake zaidi ya 24,000 wenye VVU magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba waliokuwa na kijiti huku wakitumia efavirenz walipata mimba mara tatu hivi zaidi ya waliokuwa na kijiti huku wakitumia nevirapine. Hata hivyo, kijiti bado kilizuia mimba nyingi. Siku hizi wagonjwa wengi wa VVU nchini hutumia dolutegravir, ambayo haina tatizo hilo.

Kwa hiyo mama mwenye kijiti anayeanzishiwa dawa ya TB au ya kifafa aseme: nina kijiti. Sentensi hiyo fupi inaweza kuzuia mimba isiyotarajiwa. Na tarehe ya kukitoa iandikwe mahali itakapoonekana. Kijiti kilichopitiliza muda huenda kisitoe tena homoni ya kutosha. Kukitoa ni kazi ya mhudumu aliyefunzwa. Wembe wa nyumbani usikaribie mkono huo.

Njia zilizo mbele

Nchi jirani ya Uganda imekuwa mstari wa mbele katika majaribio ya dawa za aina hii. Wanawake wa huko walishiriki katika utafiti wa pete ya silikoni yenye miligramu 25 za dapivirine, ambayo mwanamke huivaa ukeni siku 28 ili kujikinga na VVU. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba pete hiyo ilipunguza maambukizi kwa zaidi kidogo ya robo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama njia ya ziada. Kisha mwaka 2024 yakaja matokeo ya sindano ya lenacapavir, iliyojaribiwa Uganda na Afrika Kusini. Dawa hiyo huyeyuka kwa shida sana, hivyo hukaa chini ya ngozi kama ghala na kutoka taratibu kwa miezi sita. Kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo katika utafiti, hakuna hata mmoja aliyepata VVU.

Hayo yanaonyesha mwelekeo. Dawa za siku zijazo zitadai kukumbuka kidogo, lakini zitadai kuelewa zaidi.

Mambo ya kufanya kuanzia leo

Kwanza, soma pakiti. Baada ya jina la dawa tafuta herufi SR, XR, ER, MR, CR, LA, au neno Retard. Ukiona mojawapo, usiponde, usitafune, usikate hadi umeuliza. Herufi EC nazo zina onyo lake: kidonge hicho kimefunikwa kisiyeyuke tumboni bali mbele zaidi, na kikipondwa kifuniko kinapotea.

Pili, ukipewa vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake na kutiwa bahasha, uliza swali moja kabla hujaondoka dirishani: hiki ni cha polepole au cha kawaida? Ni haki ya mgonjwa kujua.

Tatu, kama mgonjwa hawezi kumeza, sema hivyo hospitalini au kwenye kemisti. Dawa nyingi zina namna nyingine: ya maji, kidonge kidogo, au kidonge cha kawaida kinachomezwa mara nyingi zaidi kwa siku. Kubadilisha dawa ni kazi ya aliyeiandika.

Nne, ukisahau, usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Viwili vya polepole vinaweza kuwa dawa ya siku mbili mwilini kwa wakati mmoja.

Tano, kwa Waislamu wenye sukari au presha wanaotaka kufunga: nendeni kliniki wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Metfomini ya polepole ya mara moja kwa siku huweza kupangwa inywewe wakati wa futari. Lakini wapo wagonjwa ambao kufunga kwao kuna hatari, na huo ni uamuzi wa kufanywa pamoja na daktari, mapema.

Sita, dawa ikikuishia kabla ya tarehe ya kliniki, usigawanye zilizobaki. Mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au uende kituo cha karibu. Kukosa fedha au kukosa dawa ni jambo la kusemwa, ili litafutiwe njia.

Wahudumu wa afya ya jamii wana nafasi ya pekee katika hili, kwa kuwa ndio wanaoingia jikoni. Wanapotembelea nyumba yenye mgonjwa wa presha au sukari, waombe kuona pakiti, na waulize dawa inamezwaje: nzima, imekatwa, au ndani ya uji. Jibu likiwa la mwisho, mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo, bila kulaumiwa yeye wala anayemtunza.

 Sasa ni wakati wa maswali. Mwenye pakiti ya dawa mfukoni aitoe, na herufi zilizo juu yake zisomwe pamoja.